Nguzo za kukodi zinazobeba ghorofa za Jinja na Mbale

ANAYEVUKA mpaka pale Malaba na kushika barabara ya Tororo, kisha akakunja kwenda Mbale au akaendelea mbele kwa Bugiri na Iganga hadi Jinja, haoni tena miji ile ya maduka ya ghorofa moja yenye mabati yenye kutu. Tangu Jinja na Mbale zipewe hadhi ya jiji Julai 1, 2020, viwanja vya katikati vimepanda bei, na mwenye kiwanja hataki tena kujenga chini. Anataka kwenda juu. Kila mtaa una jengo ambalo sakafu yake ya juu imemwagwa zege juzi, na chini yake kuna msitu wa miti au mabomba ya chuma yaliyosimama wima, yamebanana kiasi cha mtoto kushindwa kupita.

Wananchi wanajua bei ya mfuko wa saruji. Wanajua bei ya nondo ya milimita 12 na ya 16, na wakikaa kwenye kahawa watabishana kama ile ya Jinja ni nzito kuliko ile inayotoka Kenya. Lakini ni wachache wanaouliza habari za vile vitu vinavyolishikilia zege katika siku zake 14 za kwanza, wakati lenyewe bado halina nguvu hata ya kujibeba. Vitu hivyo ni vya kukodi, haviachwi ndani ya nyumba, havionekani kwenye ramani, na kazi ikiisha hupakiwa kwenye lori na kwenda kwa mtu mwingine. Pengine ndiyo sababu vinasahauliwa.

Tunazungumzia nguzo za chuma za kurefusha na kufupisha. Mafundi wa Kenya na Uganda huziita propu, wengine jeki, na wazee wa kazi bado huziita Acrow kwa jina la kampuni iliyozitangaza duniani. Tanzania ile miti inayofanya kazi hiyo hiyo huitwa mirunda. Makala haya yanawahusu watu wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni wafanyabiashara wa mpakani ambao wameanza kuona kwamba nguzo 200 zilizonunuliwa zikiwa zimetumika zinaweza kulisha familia kwa miaka. Wa pili ni ndugu zetu waliorudi, au wanaojiandaa kurudi, kutoka Nairobi, Dubai, London au popote walipokwenda kyeyo, na ambao akiba yao yote imo ndani ya slabu moja.

Historia yake ni fupi. Kijana wa Uswisi, William de Vigier, alifika Uingereza katikati ya miaka ya 1930 akiwa na wazo la nguzo ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, iliyoweza kuchukua nafasi ya magogo yaliyokatwa na kupigiwa kabari kwa kila jengo. Alianzisha kampuni ya Acrow, nayo ikasambaza nguzo hizo katika nchi nyingi kabla ya kufilisika mwaka 1984. Kampuni ilikwenda, nguzo ikabaki. Leo zinatengenezwa China, India, Uturuki na kwingineko, na umbo lake halijabadilika sana.

Bomba la nje, kwa kawaida la kipenyo cha milimita 60, limesimama juu ya sahani ya chuma. Bomba la ndani, la milimita 48, lina matundu. Fundi huvuta bomba la ndani hadi karibu na kimo anachotaka, akapitisha pini ya chuma kigumu kwenye tundu, kisha akazungusha kola yenye nyuzi ili kupandisha au kushusha kidogo kidogo hadi ubao wa juu ukazwe. Kwa vipimo vya Kiingereza ambavyo bado vinatumika sokoni, namba 1 hufika mita 3.12, namba 2 mita 3.35, namba 3 mita 3.95, na namba 4 mita 4.88. Anayenunua bila kujua namba anaweza kujikuta na nguzo nzuri ambazo hazifiki darini.

Hesabu ambayo fundi haifanyi

Chukua slabu ya kawaida ya unene wa sentimita 15. Zege lenye nondo lina uzito wa tani mbili na nusu kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa hiyo kila mita ya mraba ya slabu hiyo ni kilo 375. Ongeza mbao za fomu, kilo 50. Ongeza watu, matoroli na zege lililomwagwa kwa fungu mahali pamoja, na wahandisi huweka kilo 150 kwa hayo. Jumla ni kilo 575 kwa kila mita ya mraba. Nyumba yenye slabu ya mita za mraba 100 ina zege pekee la tani 37 na nusu, yaani zaidi ya mizigo mitano ya lori la tani saba, imewekwa juu ya vichwa vya watu.

Sasa tuseme nguzo zimepangwa kila baada ya mita 1.2. Kila nguzo inabeba eneo la mita za mraba 1.44, ambalo ni kilo 828. Kiwango cha Ulaya cha nguzo hizi, EN 1065, kimezigawa katika madaraja. Nguzo ya daraja la chini kabisa, yenye kimo cha juu cha mita 3.5, ikivutwa hadi mwisho inatakiwa kuhimili karibu tani moja na nusu kabla ya kushindwa. Ukitoa nafasi ya usalama kama inavyotakiwa, unabaki na kilo 900 hivi za kutumia. Kilo 828 ndani ya 900: inatosha, lakini hakuna cha ziada, na hesabu hiyo ni ya nguzo isiyopinda, isiyoliwa na kutu, iliyosimama wima.

Hapo ndipo tamaa ndogo inapoingia. Fundi aliyepewa fedha za nguzo 70 anaona kwamba akizipanua hadi mita 1.5, nguzo 45 zinatosha. Kwa macho tofauti ni ndogo, sentimita 30 tu. Lakini eneo la kila nguzo limepanda hadi mita za mraba 2.25, na mzigo umefika karibu kilo 1,300. Nguzo ile ile ya kilo 900. Ikisimama siku hiyo, fundi atasema amezoea kufanya hivyo siku zote na hakuna kilichotokea. Atakuwa anasema kweli, maana ile nafasi ya usalama ndiyo iliyombeba, si ujuzi wake.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba nguzo hizi hudhoofika kadiri zinavyorefushwa, tena kwa kasi. Nguzo ile ile ya mita 3.5 ikitumika kwa kimo cha mita 2.5 inabeba karibu mara mbili ya inavyobeba ikivutwa hadi mwisho. Katika vyumba vya kulala hilo halina shida sana. Shida iko kwenye maduka ya chini, ambako mwenye jengo anataka dari ya juu ili mpangaji aweke rafu za bidhaa na pengine kijighorofa cha stoo. Kimo kinapita mita 3.5, nguzo ndefu hazipatikani, na fundi anaweka tofali chini ya sahani au anaunganisha kipande cha mti juu. Hiyo si nguzo tena.

Kuna na ile pini. Pini halisi imetengenezwa kwa chuma maalumu kwa sababu mzigo wote unapita juu yake. Pini hupotea, kwa kuwa ni ndogo na watoto huziokota kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nafasi yake huchukuliwa na kipande cha nondo cha milimita 10, wakati mwingine na msumari mkubwa. Ukienda kwenye kiwanja chochote katika miji hii miwili, anza kwa kuangalia pini. Zitakuambia mengi kuhusu mwenye mali kabla hujaongea naye.

Miti ya mkaratusi

Haitakuwa haki kuisema vibaya miti. Sehemu kubwa ya ghorofa za mashariki mwa Uganda zimesimamishwa na mikaratusi, ile inayopandwa hadi kwenye miteremko ya mlima Elgon na pembezoni mwa mashamba ya Busoga. Mti mzuri ulionyooka, wa unene wa kutosha, haubebi kidogo. Tatizo ni kwamba hakuna miti miwili inayofanana. Mmoja umepinda katikati, mwingine ulikatwa juzi na bado una maji, wa tatu umeshatumika mara tatu na una ufa. Kukaza hutumika kabari, na kabari hulegea mtetemo wa kumwaga zege unapoanza. Tena miti hiyo hiyo inagombewa na wapishi, wachoma matofali na kampuni za nguzo za umeme, kwa hiyo ile iliyonyooka huenda kwingine na inayobaki ndiyo inayokuja kwenye ujenzi.

Lakini mti una sifa moja ambayo chuma hakina. Mti haudai kodi ya siku. Mwenye nyumba akishaununua ni wake, na hana haraka ya kuutoa. Unaweza kukaa chini ya slabu mwezi mzima na hakuna atakayekuja kubisha mlango.

Nguzo ya chuma hukodishwa kwa siku, kila nguzo na bei yake. Kwa maoni yangu hatari kubwa ya biashara hii iko hapo, kuliko hata kwenye ubora wa chuma chenyewe. Mwenye nyumba aliyekodi nguzo 80 analipa kila asubuhi, jua liwake au mvua inyeshe, hata Jumapili ambapo hakuna anayefanya kazi. Ikifika siku ya sita, slabu ni kavu, imekuwa nyeupe, mtu anatembea juu yake bila wasiwasi. Mwenye nguzo naye anapiga simu, maana ana mteja mwingine Bugembe au Namakwekwe anayesubiri. Wote wawili wana sababu ya fedha ya kuzitoa. Asiye na sauti ni zege.

Kiwango cha Uingereza cha BS 8110, ambacho wahandisi wengi wa Afrika Mashariki walifundishwa nacho kabla hakijaondolewa kwao mwaka 2010, kilitaja siku 10 kwa nguzo za chini ya slabu na siku 14 kwa nguzo za chini ya boriti, pale joto linapokuwa nyuzi 16 au zaidi na hakuna vipimo vya nguvu ya zege vilivyofanywa. Hizo ni siku za saruji ya kawaida ya Portland. Saruji nyingi inayouzwa rejareja Uganda ni ile ya mfuko ulioandikwa 32.5, iliyochanganywa na udongo wa volkano, ambayo hukua polepole zaidi katika wiki za mwanzo. Si saruji mbaya, kwa kazi nyingi ni nzuri na ni nafuu. Ila anayeitumia kwenye slabu na bado akahesabu siku kama za 42.5 anajidanganya, na anayehesabu siku sita anajidanganya mara mbili.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama. Machi 2, 1973, katika eneo la Bailey's Crossroads, jimbo la Virginia, nguzo za ghorofa ya 23 za jengo la Skyline Plaza zilitolewa wakati zege la juu yake lilikuwa bado changa. Slabu ilitobolewa na nguzo za jengo, ikaanguka juu ya iliyofuata, na hiyo juu ya nyingine, hadi chini. Watu 14 walikufa. Jengo lile lilikuwa na wahandisi na ramani. Kilichokosekana ni siku chache za subira.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaokodisha ni la kibiashara tu: mkodishe kwa slabu, si kwa siku. Mwenye nguzo aweke bei moja ya slabu nzima kwa wiki mbili au tatu, na anayerudisha mapema asirudishiwe hata senti. Bei hiyo itaonekana kubwa kwa mteja siku ya kwanza, na bila shaka kuna watakaokimbilia kwa jirani anayedai kwa siku. Lakini mwenye nguzo anapata hesabu ya uhakika, na mteja hana sababu ya kuamka usiku kufikiria kodi. Wapo wanaofanya hivyo tayari kwa wateja wanaowaamini. Ni jambo la kulifanya kuwa kawaida.

Juu ya majengo ya zamani

Jinja na Mbale zina jambo ambalo miji mipya haina. Barabara kuu za miji hii zilijengwa na wafanyabiashara wa Kiasia kabla ya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza. Majengo yakaingia mikononi mwa Bodi ya Msimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka, na baada ya Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya 1982, hasa katika miaka ya 1990, wengi walirudishiwa au kuuza. Wamiliki wa leo, wawe ni wajukuu wa waliofukuzwa au Wabasoga na Wagisu waliouziwa, wana kuta nene za zamani na msingi ambao hakuna anayejua kina chake. Wanataka kuongeza ghorofa juu.

Hapo nguzo hazisimami ardhini. Zinasimama juu ya sakafu ya zamani, na zile kilo 828 za kila nguzo zinaingia kwenye sakafu ambayo huenda ilikusudiwa kubeba familia na makabati yake. Dawa yake inajulikana: kuweka nguzo pia chini ya sakafu hiyo ya zamani, na chini ya iliyo chini yake, hadi mzigo ufike ardhini. Maana yake ni kwamba mpangaji wa duka la chini afunge biashara kwa wiki tatu. Mwenye jengo hataki kupoteza kodi, mpangaji hataki kupoteza wateja, na duka linaendelea kuuza sukari huku juu zege likimwagwa. Ndugu aliye Leicester au Toronto anayetumiwa picha za kazi kwenye simu aombe na picha ya ghorofa ya chini.

Mbale ina yake pia, nayo ni maji. Viwanja vya upande wa Namatala na kandokando ya mto Nabuyonga ni vya udongo wa kinamo, na wananchi hawajasahau mafuriko ya usiku wa kuamkia Julai 31, 2022 yaliyoua watu zaidi ya 20. Lakini si lazima yawe mafuriko. Mvua moja ya usiku ikilowesha ardhi, sahani ndogo ya nguzo inazama kama kisigino cha kiatu cha harusi. Nguzo moja ikizama sentimita mbili, mzigo wake unahamia kwa jirani zake. Ubao mnene wa kukanyagia, unaopita chini ya nguzo kadhaa kwa pamoja, unamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo. Na kwa kuwa watu wengi wa Mbale wanatumia vigae vya maxpan vya kiwanda cha Uganda Clays kilichoko Kamonkoli, ambavyo hupunguza zege ndani ya slabu, isidhaniwe kwamba nguzo zinaweza kupunguzwa kiholela. Mbavu za zege kati ya vigae bado ni changa siku ile ya kwanza.

Sheria inaangalia wapi?

Kanda yetu imezika watu wengi kwa majengo. Septemba 1, 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua watu 11. Machi 2006 kanisa la Kalerwe, Kampala, liliangukia waumini wakati wa mvua kubwa na kuua zaidi ya 20. Januari mwaka huo huo jengo lililokuwa likijengwa Nyamakima, Nairobi, lilikuwa limeshaanguka. Machi 29, 2013 jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliua watu 36. Sisemi kwamba nguzo ndizo zilizosababisha yote hayo; kila ajali ina orodha yake ya makosa. Ninachosema ni kwamba mengi ya majengo haya yalianguka yakiwa mikononi mwa mafundi, kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia.

Uganda ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Majengo mwaka 2013, na kanuni zake zikafuata miaka kadhaa baadaye. Sheria hiyo inataka kibali kabla ya kujenga na kingine kabla ya kuhamia, na inataka kila wilaya na mji uwe na kamati ya majengo. Ni hatua nzuri. Lakini kamati hukaa na ramani mezani, na ramani inaonyesha nyumba iliyokwisha. Haionyeshi nguzo za muda. Afisa akifika kiwanjani Jumatatu anakuta nondo zimefungwa vizuri, anatia sahihi, na Jumamosi zege linamwagwa juu ya nguzo ambazo siku ile hazikuwapo. Ukaguzi wa asubuhi ya kumwaga, kwa kitu rahisi kama kamba ya timazi, ungesaidia kuliko mihuri mitatu. Wahandisi wa Uingereza wanakubali nguzo ipotoke wima kwa milimita 25 tu kwa kila mita moja ya kimo. Hilo linapimwa na mtoto wa darasa la tano.

Wanaojenga kwa fedha zao wakumbuke jambo jingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe mishahara ya miezi 60 kwa mfanyakazi anayekufa kazini. Mwenye nyumba aliyeajiri mafundi moja kwa moja, bila mkandarasi, ili kuokoa gharama, anaweza kujikuta yeye ndiye mwajiri.

Kwa wanaovusha

Turudi mpakani. Katika vitabu vya forodha, nguzo hizi zina namba yao: 7308.40, vifaa vya jukwaa, fomu na vya kutegemeza. Anayeingia ofisini Malaba au Busia akasema amebeba mabomba ya chuma anaweza kukadiriwa kama mabomba, na tangu Julai 1, 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina daraja la ushuru la asilimia 35 ambalo bidhaa kadhaa za chuma zimo. Si kila kipande cha chuma kimo, na ndiyo maana jina sahihi lina thamani. Uliza kiwango cha namba hiyo kabla hujalipa lori, na usisahau kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 upande wa Uganda.

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuamini kwamba kitu kilichonunuliwa Kenya ni cha Kenya. Nguzo iliyotengenezwa China, ikatumika Nairobi miaka mitano na kuuzwa kwa mnada, bado ni ya China. Hati rahisi ya uasili, ile ya mzigo usiozidi dola 2,000 ambayo wafanyabiashara wadogo wanaifahamu, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kwa upande mwingine, anayevusha nguzo zake kwa kazi maalumu na kuzirudisha anaweza kuomba uingizaji wa muda chini ya kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004, usiozidi miezi 12, kwa kuweka dhamana. Wenye nguzo nyingi Kisumu na Eldoret wangefaa kuliangalia hilo kuliko kuzificha chini ya magunia.

Na nguzo zilizochakaa zisibebwe bila karatasi. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Zuio hilo lilishaondolewa, lakini askari anayeona rundo la mabomba yenye kutu juu ya lori usiku haoni vifaa vya ujenzi. Anaona chakavu.

Unaponunua, nenda na mizani. Bomba la milimita 48 lenye ukuta wa milimita 3.2 lina uzito wa kilo 3.56 kwa mita. Lenye ukuta wa milimita 2 lina kilo 2.28. La nje, la milimita 60, ni kilo 4.5 dhidi ya 2.9. Rangi mpya ya chungwa inaficha mengi, uzito hauwezi kufichwa. Zungusha kila kola kwa mkono; inayokataa itapigwa nyundo kiwanjani. Lalisha nguzo chini na uangalie mwanga chini yake, kama umepinda utauona. Zilizounganishwa katikati kwa kuchomelea ziache pale pale, hata kwa bei ya bure. Gereji za Jinja zina wachomeleaji hodari, lakini bomba lililokatika na kuungwa halirudi kuwa lile la kwanza, na viwanda vya chuma vya mjini humo vinanunua chakavu kila siku. Huko ndiko mahali pake.

Mkataba wa kukodisha usiishie kwenye idadi na bei. Uandikwe namba ya nguzo na kimo chake, idadi ya pini zilizotoka na pini zitakazorudi, tarehe ya kumwaga zege, na tarehe ambayo kabla yake hakuna nguzo itakayotolewa hata kama mwenye nyumba ataomba. Fundi mkuu atie sahihi pia, kwa sababu ndiye anayebaki chini ya slabu wakati wengine wamekwenda kula.